Vipandikizi vya uzazi wa mpango

Vipandikizi vya uzazi wa mpango (huitwa pia vijiti au njiti) ni vijiti vidogo vyenye homoni vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, sehemu ya juu upande wa ndani, ili kuzuia mimba kwa miaka kadhaa. Kati ya wanawake 1,000 wanaovitumia kwa mwaka mmoja, ni mmoja hivi tu anayepata mimba. Havizuii maambukizi ya VVU wala magonjwa mengine ya zinaa.

Aina na utendaji

Implanon NXT ni kijiti kimoja chenye urefu wa sentimita 4 na miligramu 68 za etonogestreli. Hutumika kwa miaka 3. Jadelle ni vijiti viwili, kila kimoja kikiwa na miligramu 75 za levonorgestreli. Hutumika kwa miaka 5. Homoni hutoka kidogokidogo na kuingia katika damu. Huzuia yai kupevuka na hufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, hivyo mbegu za kiume hazipiti kwa urahisi.

Mabadiliko ya hedhi ni ya kawaida: matone ya damu, hedhi ndefu au kukosa hedhi kabisa. Kukosa hedhi hakumaanishi kwamba damu chafu inakusanyika tumboni.

Historia

Kipandikizi cha kwanza, Norplant, kilikuwa na vijiti sita. Kilibuniwa na shirika la Population Council la Marekani na kuidhinishwa kwanza nchini Ufini mwaka 1983. Mwaka 2013 makubaliano ya kimataifa yalishusha bei ya Jadelle kwa nchi maskini kutoka dola 18 hivi hadi 8.50.

Mwanza na Ziwa Victoria

Nchini Tanzania huduma za uzazi wa mpango hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Kandokando ya Ziwa Victoria na katika visiwa kama Ukerewe na Ukara, familia nyingi za wavuvi huhama mwalo hadi mwalo zikifuata samaki. Kwa mwanamke anayeishi hivyo, kipandikizi kina faida: halazimiki kurudi kituoni kila baada ya miezi 3 kama anayetumia sindano.

Hata hivyo, hawezi kukitoa mwenyewe. Kukitoa kunahitaji ganzi, vifaa safi na mhudumu aliyefunzwa, na huenda akalazimika kuvuka ziwa ili kumpata. Kwa hiyo ni muhimu atunze kadi yenye tarehe ya kuwekewa na ya kutolewa. Ana haki ya kutolewa wakati wowote, hata kabla ya muda kuisha. Baada ya hapo uwezo wa kushika mimba hurudi haraka.

Dawa nyingine pia huzingatiwa. Efavirenzi, iliyotumika sana kutibu VVU, na rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya kipandikizi. Dolutegraviri haina athari hiyo. Mtumiaji wa dawa hizo anapaswa kumweleza mhudumu kabla ya kuwekewa.