Kinanda Kipya Kimefika Kibovu: Mnunuzi wa Bunia Afanye Nini?

Kinanda kinachouzwa Bunia kwa kawaida kimeshushwa Mombasa, kikapita Kampala, kikavuka mpaka wa Goli kuingia Mahagi, kisha kikapakiwa juu ya mizigo mingine kwenye barabara ya taifa namba 27 kupitia Djugu. Vingine huvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi. Vichache hutumwa na ndugu walioko Brussels au Paris. Kote huko kimeshikwa na watu wasiojua ndani ya boksi mna nini. Kwa hiyo si ajabu kikafunguliwa Jumamosi jioni kwenye kanisa la Mudzipela, waimbaji wamekaa tayari, na Do ya katikati ikakataa kutoa sauti.

Hapo swali la kwanza huwa ni nani atarudisha pesa. Mimi kama fundi huanza na jingine: je, ni kibovu kweli?

Vinanda vingi ninavyoletewa vikiwa bado na harufu ya kiwandani havina ugonjwa wowote. Malalamiko yanayoongoza ni ya kinanda kinachojizima katikati ya mahubiri. Mpiga kinanda anaacha kupiga, mchungaji anahubiri nusu saa, na wimbo wa toba unapoanza chombo ni kimya kabisa. Hiyo ni kazi ya mtengenezaji. Tangu mwaka 2013 sheria za Umoja wa Ulaya za kubana matumizi ya umeme zinavitaka vifaa vya aina hii vijizime visipotumika, na viwanda vikaweka utaratibu huo hata kwenye vinanda vinavyouzwa kwetu. Kwenye vinanda vya Yamaha vya mfululizo wa PSR-E muda uliowekwa ni dakika 30. Ukishikilia kibonye cha mwisho kushoto huku ukiwasha, kinaacha kujizima. Hakuna cha kurudisha dukani hapo.

Kuna pia kinanda kinachowaka taa zote bila sauti. Tazama tundu la hedifoni: pini iliyokatikia ndani huzima spika, kwa sababu kinanda kinaamini kuna mtu anasikiliza kwa hedifoni. Kwenye sintesaiza kubwa zaidi, tafuta mpangilio unaotenganisha vibonye na sauti za ndani, ambao hutumika chombo kinapoendesha kompyuta au kinanda kingine. Mtu akiuzima bila kujua, vibonye vinapeleka ujumbe nje na ndani hakusikiki kitu. Ukishindwa, rudisha mipangilio ya kiwandani. Kwa PSR-E unashikilia kibonye cheupe cha mwisho kulia wakati wa kuwasha. Ulichohifadhi mwenyewe kitafutika, lakini chombo kipya hakina cha kupoteza.

Kisha umeme, na hapa nasema bila kupepesa macho: unaua vinanda vingi kuliko barabara. Nchi yetu ya Kongo hutumia volti 220. Chombo kilichotengenezwa kwa soko la Japani kinataka volti 100, na kilichokuja na adapta ya huko kikichomekwa moja kwa moja hakifiki hata ubeti wa kwanza. Soma kibandiko cha adapta kabla ya kuchomeka. Soma na alama ya duara dogo inayoonyesha kama chanya iko katikati ya ncha au nje. Yamaha PSR-E hutaka volti 12, chanya katikati. Casio nyingi za zamani zilitaka volti 9 na hasi katikati, za sasa volti 9.5 na chanya katikati. Ncha zinaweza kuingia tundu moja vizuri kabisa. Ukiazima adapta ya jirani, kinachokufa ni chako, na hakuna muuzaji duniani anayewajibika kwa hilo.

Kinanda kikinguruma, kipimo rahisi ni betri. Vinanda vingi vidogo hukubali betri 6. Chomoa adapta, tia betri mpya, piga. Mngurumo ukitoweka, tatizo ni inveta ya bei nafuu ya sola, jenereta, au laini yenyewe. Ukibaki, tatizo limo ndani.

Na ndani ndimo ilimo kesi yako. Chini ya kila kibonye kuna ukanda wa mpira wenye vidoti viwili vya kaboni. Unapobonyeza, kidoti cha kwanza hugusa bodi, kisha cha pili, na kompyuta ndogo hupima muda uliopita kati ya miguso hiyo ili ijue umepiga kwa nguvu au polepole. Vumbi likikaa chini ya kidoti kimoja, kibonye ama hunyamaza ama hulia kwa kishindo hata ukikigusa taratibu. Hilo ni dogo, fundi hulimaliza kwa pamba na spiriti. Lakini vibonye vikinyamaza kwa mpangilio, mathalani kimoja katika kila vinane, au kundi zima la upande mmoja, vumbi halina hatia. Vibonye husomwa kwa safu na mistari kama viti vya ukumbini. Mstari mmoja ukikatika, wote waliokaa hapo hawahesabiwi. Mara nyingi ni waya bapa uliochomoka njiani kwa mtikisiko, au ufa kwenye bodi. Hiyo ni kasoro iliyokuwemo kabla hujagusa, na namna vibonye vilivyonyamaza ni ushahidi mzuri kuliko maneno.

Usikifungue. Najua kuna vijana hodari wenye bisibisi, na huenda mmoja wao ana uwezo wa kurudisha waya ule kwa dakika chache. Lakini skrubu ikishaguswa muuzaji atasema umekiharibu wewe, na hutakuwa na jibu. Vilevile usikate plagi. Vifaa vya Uganda huja na plagi ya pini tatu za mstatili isiyoingia kwenye soketi zetu za matundu ya duara, na watu wengi hapa huikata siku ile ile. Nunua kigeuzi.

Shika simu badala yake. Piga picha boksi kabla ya kukata gundi, hasa pembe zilizobonyea. Rekodi video moja isiyokatwa: boksi linafunguliwa, namba ya mfululizo chini ya kinanda inaonekana kuwa sawa na ya kwenye boksi, kinawashwa, kila kibonye kinapigwa kuanzia kushoto hadi kulia. Tunza boksi na plastiki nyeupe za kukinga. Kinanda kilichorudishwa kikiwa kimefungwa kwa kitenge hufika na kasoro mpya. Mtumie muuzaji ujumbe wa maandishi siku hiyo hiyo. Simu ya mdomo haiachi alama.

Sheria yetu haijamtupa mnunuzi. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo hadi leo ndiyo Kitabu cha Tatu cha sheria zetu za madai, inamfanya muuzaji awajibike kwa kasoro iliyofichika inayokifanya kitu kisifae kwa kazi yake, hata kama yeye mwenyewe hakuijua. Uchaguzi ni wa mnunuzi: kurudisha kitu na kupewa pesa zote, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Muuzaji aliyejua kasoro analipa na hasara iliyotokea. Yale maandishi ya chini ya faktire, kwamba kilichouzwa hakirudishwi wala hakibadilishwi, yana nguvu kwa muuzaji ambaye kweli hakujua. Aliyejua hawezi kujificha nyuma yake.

Kuna mitego miwili. Kasoro inayoonekana kwa macho haimo: ufa wa ganda uliouona dukani ukanyamaza ni wako. Na madai lazima yaletwe katika muda mfupi, kulingana na aina ya kasoro na desturi ya mahali. Sheria haitaji siku. Mtu anayepiga kinanda miezi mitatu ndipo akalalamika atakuwa na kazi ngumu mbele ya hakimu. Wengine watakutajia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, ambao Kongo iliingia mwaka 2012. Sheria yake ya mauzo ni ya wafanyabiashara kwa wafanyabiashara. Aliyenunua kwa matumizi yake mwenyewe abaki na ile ya 1888. Na tangu hali ya dharura ilipotangazwa Mei 2021 watu wengi wa mkoa wetu wa Ituri wanaamini mahakama za kiraia zimefungwa. Zilizopelekwa kwa mahakama za kijeshi ni kesi za jinai. Deni la kinanda ni la madai, nalo lilibaki kwa mahakimu wa kiraia.

Ukinunua Kampala mwenyewe, sheria yako ni ya Uganda: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, inayodai kitu kifae kwa kazi yake. Mahakama zao zina utaratibu wa madai madogo, hadi shilingi milioni 10 za Uganda, usiohitaji wakili. Vinanda vingi vya kanisa havifiki bei hiyo. Tatizo ni kwamba lazima uwe Kampala. Ukimtuma mtu wa kati akununulie, hakikisha risiti ina jina lako.

Cha Ulaya kina ulinzi mkubwa kuliko vyote, lakini mwenye haki ni ndugu aliyenunua. Akinunua kwa mtandao ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, na dhamana ya kisheria ya miaka 2. Katika mwaka wa kwanza angalau, kasoro ikitokea huhesabiwa ilikuwemo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Siku 14 hizo huisha kontena likiwa bado baharini. Mwombe akifungue na akipige hukohuko kabla ya kukituma.

Kinachovuka mpaka kurudi kwa matengenezo kinahitaji hati ya forodha ya kutoka kwa muda. Bila hiyo, kikirejea kinatozwa kama kipya. Ongeza nauli na kusubiri kwa barabara ya Djugu, na tofauti ya bei kati ya Kampala na duka la hapa inaliwa yote. Ushauri wangu kwa kamati za kwaya ni kununua kwa muuzaji mnayeweza kumfikia kwa miguu, hata akiwa ghali kidogo.

Nanyi wenye maduka wa Bunia, washeni kinanda mbele ya mteja, kipigwe kibonye kwa kibonye. Andikeni namba ya mfululizo kwenye faktire, na chini yake idadi ya siku mnazokubali kupokea kilichorudi. Siku 7 zinatosha.