Zamu ya Maji Si ya Chunguni

Mubuku, wilayani Kasese nchini Uganda, ni nchi ya mifereji. Maji hushuka kutoka Ruwenzori, mkulima wa skimu ya umwagiliaji hungoja zamu yake, na ikifika huyaachia mpaka shamba lishibe. Desturi hiyo ikihamia sebuleni, huua. Drasena, ule mmea wa majani marefu mfano wa mahindi unaopenda kuwekwa pembeni mwa televisheni, ni nadra kufa kwa kiu. Huoza mizizi.

Wala si mgeni kutoka ng'ambo. Asili yake ni misitu ya Afrika ya joto, kwenye vivuli vya miti mikubwa. Wachagga wa Kilimanjaro huuita isale; huupanda mipakani mwa mashamba, na jani lake hupelekwa kwa mtu anayeombwa msamaha. Msituni mvua nyingi haiudhuru, kwa kuwa maji hupenya chini na mizizi ikaendelea kupumua. Ndani ya ndoo ya plastiki isiyotobolewa, maji hutuama na hewa ya udongoni huisha. Majani ya chini yakianza kugeuka manjano, mwenye nyumba hudhani ni kiu, akaongeza kikombe kingine.

Kinachoamua kiasi cha maji ni mwanga, si kalenda. Jani likipata mwanga mwingi hufungua vinyweleo vyake, likajitengenezea chakula na kupoteza maji; likipata mwanga mdogo, halinywi sana. Na macho yetu hutudanganya, maana chumba kinachotutosha kusoma gazeti huwa ni giza kwa mmea. Basi tumbukiza kidole udongoni mpaka fundo la pili. Ukikuta unyevu, uache, hata wiki mbili zipite.

Vitabu vilivyoandikwa Ulaya husifu dirisha la kusini na kuagiza maji yapunguzwe majira ya baridi. Sisi Ikweta inatupitia Kikorongo, kusini kidogo ya mji wa Kasese. Jua huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi Septemba, kisha huhamia kusini, na saa sita mchana huwa juu mno hata upenu wa bati hulizuia. Jua linaloingia ndani hasa ni la mashariki na la magharibi. La asubuhi ni zuri. La alasiri, kwenye uwanda huu mkavu, hubabua majani, kwa hiyo weka pazia jepesi au sogeza chungu ndani kidogo. Bwera, kwenye vilima vya mpakani mwa Kongo, hewa ni ya ubaridi zaidi na udongo hukawia kukauka. Mmea uleule huko utahitaji maji machache.

Ncha zikiwa za kahawia, shuku floridi, ambayo drasena haiivumilii na ambayo hupatikana katika maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa. Kuyalaza maji usiku kucha huondoa klorini, lakini floridi hubaki. Kinga maji ya mvua. Mbolea ya supafosfeti nayo ina floridi. Iache huko shambani.

Na ikiwa mizizi imekwisha kuoza, usiutupe mmea. Kata shina juu ya sehemu iliyolainika, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini, na chombo kiwe na matundu.