Herufi Moja Tu: "Venial" na "Venal"



Mtoto wako aliye sekondari akirudi likizo, huenda akalikuta neno "venal" katika gazeti la Kiingereza, akasema, "Baba, hili nalijua, ndilo lile la dhambi nyepesi." Usikubali upesi. Neno la dhambi nyepesi ni "venial". Maneno hayo yametofautiana kwa herufi moja tu, lakini maana zake ziko mbali kama mbingu na ardhi.

Yote mawili yametoka katika Kilatini. "Venial" latokana na venia, maana yake msamaha. Basi ni sifa ya kosa linalosameheka kwa urahisi. Sisi Wakatoliki twaijua dhambi nyepesi, ile isiyoua uzima wa neema rohoni kama ifanyavyo dhambi ya mauti. Waingereza hulitumia neno hilo hata nje ya mambo ya dini: mgeni akichelewa kidogo kufika mezani, kosa lake ni "venial".

"Venal" latokana na venum, yaani jambo la kuuza. Lakini usimwite hivyo mama auzaye nyanya sokoni. Yeye huuza mali yake kwa haki. Huitwa hivyo yule auzaye kisichouzwa: hakimu auzaye hukumu, karani auzaye sahihi, mpiga kura auzaye kura yake. Tena neno hili halisemi tu kwamba mtu alikula rushwa jana. Lasema kwamba mtu huyo ananunulika; hata kabla mnunuzi hajabisha hodi, moyo wake umekwisha kutiwa bei.

Sallust, mwandishi wa Kirumi, alisimulia habari za Jugurtha, mfalme wa Numidia, katika Afrika ya Kaskazini. Mfalme huyo aliwahonga wakubwa wa Roma. Mwaka 111 kabla ya Kristo aliitwa huko ajibu maswali, na hata mjini humo akapata wa kumnunua. Alipoamriwa kuondoka, asema Sallust, aliutaja Roma kuwa mji unaongoja mnunuzi. Neno la Kilatini aliloandika ni hilo hilo lililozaa "venal".

Na kwetu je? Rushwa tumeipa majina ya upole: "chai", "kitu kidogo". Tazama ujanja wake! Majina hayo yataka "venal" ionekane kuwa "venial". Lakini mjane akinyang'anywa shamba kwa sababu jirani yake alimpa mwamuzi "kitu kidogo", je, watoto wa mjane watakiona kidogo wakati wa njaa?

Basi, baba na mama, wafundisheni watoto herufi hiyo moja. Anayeyachanganya maneno haya darasani, kosa lake ni "venial", mwalimu atamsahihisha. Anayeyachanganya moyoni mwake, akaiita rushwa jambo dogo, huyo na ajichunguze vema kabla ya kwenda kuungama.