Nitrati Katika Maji ya Kisima

Kipsing, katika Kaunti ya Isiolo, ni nchi kavu ambayo lagha zake, yaani mito yake ya msimu, hazipitishi maji juu ya ardhi ila mvua inaponyesha, na kwa hiyo wakati wa kiangazi wenyeji hufukua mchanga mpaka wakayafikia maji yaliyojificha chini, wakajaza mitungi, kisha wakanywesha mbuzi, ng'ombe na ngamia papo hapo. Maji hayo aghalabu hutoka maangavu. Lakini mchanga huzuia tope na baadhi ya vijidudu tu, ama chumvi iliyokwisha kuyeyuka, na hususa nitrati, hupita pasi na kizuizi.

Nitrati haina rangi wala harufu ya kumtahadharisha mnywaji, na asili yake kubwa penye mifugo mingi ni samadi na mkojo. Uchafu huo uozapo hutoa amonia. Bakteria wa ardhini, ambao tabia yao ilidhihirishwa na Sergei Winogradsky karibu na mwaka 1890, huigeuza amonia kuwa nitriti, na wenzao wakaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mvua huizamisha mpaka kwenye maji ya chini.

Mtu afugaye samaki wa mapambo katika tangi la kioo huyaona mambo haya kwa udogo wake, kwani kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hupitia njia iyo hiyo, na dawa yake ni kupunguza chakula, kupanda mimea ya majini inayofyonza nitrati, na kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Walakini, lau maji anayoyatia yamekwisha kujaa nitrati tangu kisimani, taabu yake ni bure. Ndiyo maana fundi hodari huyapima kwanza maji ayatiayo.

Kwa binadamu, wanaohatarishwa zaidi ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga au uji uliokorogwa kwa maji hayo. Mnamo 1945 tabibu Hunter Comly wa Iowa, Marekani, alieleza habari za watoto waliogeuka rangi ya samawati kwa kunywa maji ya visima, kwa sababu nitrati hugeuka nitriti mwilini na kuizuia damu isichukue oksijeni ipasavyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita moja.

Hapa ndipo inapohitajika hadhari, kwani kuchemsha, ambako ni ngao njema dhidi ya vijidudu, hakuondoi nitrati, bali huizidisha kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke. Na dawa ya klorini kadhalika haifui dafu. Mitambo inayosukuma maji kupitia utando mwembamba huiondoa, lakini inataka umeme, fedha na fundi.

Basi lililo jepesi ni kuzuia: kisima cha watu kitengwe na cha wanyama na kichimbwe upande wa juu wa lagha, kizungushiwe uzio wa miiba, hodhi la kunyweshea liwekwe mbali upande wa chini, samadi izolewe kabla ya mvua, na choo na boma visikaribie. Maji yapimwe kwa vikaratasi vinavyobadilika rangi, na yakipita kikomo, mtoto mchanga aendelee kunyonya maziwa ya mama, na aliyelazimika kunywa maziwa ya unga atafutiwe maji ya chanzo kingine kilichopimwa.