Sura ya Saba: Siku Tatu Mwisho wa Reli

Jua la Kigoma huzama karibu dakika 40 baada ya jua la Dar es Salaam. Saa za ukutani ni zile zile, maana nchi nzima tunafuata saa moja, lakini Kigoma iko magharibi mno. Watu wa pwani wakiwa wameshawasha taa, wa Kigoma bado wanatazama duara jekundu likishuka nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Asubuhi nayo huchelewa vivyo hivyo: mwezi wa Julai, saa kumi na mbili na nusu giza bado lipo, na jua huchomoza saa moja imeshapita.

Nimeanza na jua kwa sababu safari fupi ya watu wawili huharibika kwenye saa kabla ya kuharibika kwenye fedha. Mwenye siku kumi akipoteza mbili atazisahau. Mwenye siku tatu akipoteza asubuhi moja, ameitoa kwenye kiini cha safari. Hispania, nchi ambayo watu wa Ulaya huipenda sana kwa mapumziko ya aina hii, iko karibu kwenye longitudo moja na Uingereza, lakini tangu mwaka 1940 imekuwa ikifuata saa ya Berlin. Ndiyo maana kiangazi jua la Madrid huzama karibu saa nne usiku, na mgeni anayetafuta chakula cha jioni saa kumi na mbili hukuta jiko halijawashwa. Kigoma haijafika huko, lakini somo ni hilo hilo: jioni za Kigoma ni ndefu, na ndizo mlizozifuata. Asubuhi lala. Usiruhusu mtu yeyote akupangie kitu cha saa kumi na mbili kamili, isipokuwa boti au gari moshi.

Baada ya jua, mwezi. Kabla hujakata tiketi, tazama kalenda ya mwezi wa mbinguni. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: mvuvi huangaza maji, wadudu na vijidudu hukusanyika kwenye mwanga, dagaa huwafuata, na wavu huinuliwa kutoka chini. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa lote linang'aa na taa ya mvuvi haina nguvu tena, kwa hiyo siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika. Usiku wa giza ni kinyume chake. Mkikaa mahali palipoinuka mtaona taa moja, kisha kumi, kisha mstari mzima, mpaka mtu asiyejua aulize ule ni mji gani kule mbele. Sijawahi kuona kitu kinachowanyamazisha watu wawili kwa uzuri kama kile. Mara ya kwanza nilipokwenda na mke wangu tulifika mwezi ukiwa duara. Tuliuona wenyewe, mweupe juu ya maji, lakini taa hazikuwapo na samaki sokoni walikuwa wachache. Tangu hapo huhesabu: siku tatu kabla ya mwezi kuandama hadi siku tano baada yake.

Lipo jambo jingine, jipya kidogo. Mwaka 2024 Tanzania na majirani zake walisimamisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Napenda uamuzi ule, kwa sababu ziwa lilikuwa limechoka. Lakini kwa msafiri maana yake ni kwamba miezi mizuri ya kiangazi, barabara zikiwa kavu na anga likiwa wazi, inaweza kuwa miezi isiyo na taa wala dagaa wabichi. Uliza kwanza mwaka wenu mambo yakoje. Mimi ningechagua Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijakolea.

Sasa njia. Kigoma huitwa mwisho wa reli, na reli ya kati ilifika hapo mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Wanandoa wengi huniambia wanataka kwenda kwa gari moshi kwa sababu ndiyo safari yenyewe. Ni kweli, lakini hesabu: gari moshi la zamani hula karibu siku mbili kwa upande mmoja, hivyo kwa mtu wa Dar mwenye siku tatu, safari imekwisha kabla ya Kigoma. Mtu wa Tabora hesabu yake ni nyingine kabisa: anapanda, analala, anaamka karibu na Uvinza. Kwa wa Dar, ndege ya kwenda na, kama mna likizo ndefu kidogo, gari moshi la kurudi. Mkichagua gari moshi kateni daraja la kwanza, ambako chumba ni cha vitanda viwili. Daraja la pili la kulala lina vitanda sita, na kwa kawaida wanaume huwekwa kwao na wanawake kwao. Nimewaona maharusi wakitenganishwa pale stesheni, kila mmoja na mfuko wake wa maandazi.

Hata mkija kwa ndege, nendeni stesheni. Ni jengo la Wajerumani, na chini yake kidogo kuna bandari. Hapo ndipo meli ya Liemba ilipounganishwa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha, ikavuka bahari mpaka Dar na kupanda treni kuja ziwani. Mwaka 1915 ilishushwa majini ikiwa na jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiipate, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la sasa. Msiipangie ratiba, maana meli ya umri ule huwa na miaka mirefu ya matengenezo. Ila simameni pale mkiikumbuka, kisha mpande kilima.

Mnapandia kwenye barabara yenye miembe mikubwa pande zote, na juu kabisa ni Mwanga. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaowashauri wageni. Wao huwapeleka wanandoa moja kwa moja kwenye hoteli za kandokando ya ziwa, mbali na watu. Ziwa ni zuri, sikatai. Lakini mji wenyewe unaishi Mwanga: soko, vituo vya daladala na bajaji, maduka ya vitenge kutoka Kongo na Burundi, magitaa ya Kikongo yanayotoka kwenye spika za vinyozi, wachoma mishikaki wanaoanza kuwasha mkaa jua linapoelekea ziwani. Ukilala kwenye nyumba ya wageni ya Mwanga, unatoka mlangoni na tayari umefika. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usiku wa kwanza na wa pili Mwanga, usiku wa mwisho ziwani. Mkianza na ziwa, hamtapanda kilima tena. Nimeliona hilo kwa watu wengi. Na ombeni chumba cha nyuma, mbali na barabara, maana wikendi muziki huchelewa kuzimwa.

Chakula cha Mwanga kitawaeleza mlipo. Ulizeni ugali wa muhogo kwa mgebuka wa kukaanga au wa moshi, na sombe, yaani kisamvu kilichopikwa kwa mawese. Kigoma ni nchi ya michikichi, na mawese ya pale yana rangi ya jua la jioni yake. Asiyeyazoea aanze na kidogo. Mkibahatika mtamkuta kuhe, samaki mnene mwenye nyama nyeupe, na mama lishe atawauliza kama mnamtaka wa mchuzi au wa kuchoma. Semeni wa kuchoma.

Sasa Gombe, ambako ndiko mipango mingi huvunjikia. Kila mtu anataka sokwe, na ana haki. Hifadhi ile ni ndogo, kilomita za mraba 52 ilipotangazwa mwaka 1968, na iko kilomita kama 16 kaskazini mwa mji. Mtafiti Jane Goodall alishuka pale Julai 14, 1960, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemwona sokwe akichomeka bua kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Mpaka siku zile wataalamu walidai binadamu peke yake ndiye mwenye kutengeneza vifaa. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na kazi aliyoianzisha inaendelea pale pale kwenye vile vibonde.

Kilomita 16 zinadanganya, kwa sababu hakuna barabara. Boti za abiria za kwenda vijiji vya kaskazini huondoka mwalo wa Kibirizi mchana, hujaza watu, magunia na kuku, na huwashusha Gombe jioni. Zinazorudi hupita asubuhi mapema. Maana yake, kwa boti ya abiria mtalala hifadhini usiku mara mbili ili mpate siku moja ya kutembea msituni, na siku zenu tatu zimekwisha. Kwa boti ya kukodi mnaweza kwenda alfajiri na kurudi jioni, lakini bei yake ni nyingine, na siku ya upepo ziwa hugeuka bahari. Kuna sharti jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wameshafika: mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kuwakaribia sokwe, kwa sababu maradhi yetu ya kifua huwaua. Mmoja wenu akiamka anapiga chafya, mwingine atapanda mlima peke yake.

Nasema wazi, basi. Siku tatu hazitoshi Gombe na mji. Chagueni. Kama sokwe ndiye aliyewatoa nyumbani, fanyeni Gombe iwe safari nzima, mji muupitie tu. Kama mlitaka kukaa pamoja bila kukimbizana, iacheni Gombe kwa mwaka mwingine, na muiache kabisa, bila kuiweka kwenye orodha ya "tukipata nafasi". Jambo lililowekwa pembeni hivyo huwatafuna watu wawili siku zote tatu: mmoja analingoja, mwingine anaomba lisije. Mimi na mke wangu tulikaa mwaloni tangu asubuhi hadi saa tisa tukimsubiri mwenye boti aliyetuahidi kwa simu. Hakuja. Gombe tuliikosa siku ile, na mji jirani wa Ujiji pia tukaukosa.

Ujiji inataka nusu siku nzuri. Ni kilomita nane hivi kusini, daladala zinapita Mwanga kila mara. Wageni huletwa hapo kwa ajili ya jiwe la ukumbusho la Livingstone, mahali ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871, chini ya miembe iliyotokana na mwembe wa asili. Liangalieni, kisha ulizeni swali ambalo watu hawaulizi: mbona ziwa liko mbali? Jibu ni kwamba wakati ule maji yalikuwa juu zaidi. Baadaye kidogo, miaka ile ile ya 1870, ziwa lilibomoa kizuizi kwenye mto Lukuga upande wa Kongo na kina kikashuka kwa mita kadhaa. Miaka ya 2020 limepanda tena, likameza sehemu za mialo na nyumba za kandokando. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, bado linapumua namna hiyo, na hadithi ya Ujiji imeandikwa kwa pumzi zake.

Ila Ujiji yenyewe ni ya zamani kuliko jiwe lile. Ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, pembe na watumwa wakishuka kuelekea pwani, nguo na shanga zikipanda. Burton na Speke waliifikia mwaka 1858, nao waliukuta mji wenye wafanyabiashara wake. Misafara ilipokwisha, waliobaki wakazaa mji wa Waswahili katikati ya bara: Wamanyema, Wajiji, watoto wa wapagazi, misikiti, nyumba za baraza, Kiswahili cha taratibu. Tembeeni mitaa ya ndani badala ya barabara kuu. Vaeni kwa heshima, msiende Ijumaa adhuhuri mkategemea duka kuwa wazi, na mkikuta wazee barazani anzeni na shikamoo kabla ya kuuliza njia. Kisha shukeni ufukweni kwa mafundi wa boti za mbao. Kaeni hata saa nzima. Hakuna kiingilio wala anayewahimiza.

Siku ya tatu ni ya maji. Upande wa Katonga kuna fukwe ndogo zenye miamba na maji maangavu kiasi cha kuona samaki wa rangi wakizunguka miguu yenu. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki ambao hawapatikani kwingine duniani, na mwenye miwani ya kuzamia atawaona wengi kuliko mwenye kukaa mchangani. Ogeleeni panapoogelewa na wenyeji wa hoteli, kwenye mawe na maji yanayotembea. Palipo na majani na maji yaliyotulia msiingie, kichocho kipo, na mamba waulizieni.

Jioni kaeni juu. Jua litashuka kwa kuchelewa kwake, na kama mlihesabu mwezi vizuri, taa ya kwanza itawaka upande wa kusini kabla hamjamaliza chai.

Asubuhi ya kuondoka pitieni mwalo wa Kibirizi mkanunue dagaa. Wasiwe wa kukaushwa mchangani, tafuteni walioanikwa kwenye vichanja. Hawana michanga na bei inaonyesha. Mama mmoja aliniondolea mkono kwenye fungu nililokuwa nimelishika. "Hao ni wa juzi, baba. Mpe shemeji hawa wa jana." Alikuwa akimtazama mke wangu, ambaye tayari alikuwa amefungua mfuko. Fungeni kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na kama mnarudi kwa gari moshi iwekeni karibu na dirisha.