Hana kadi ya kliniki, achanjwe nini?

Anayevuka Ziwa Tanganyika usiku akikimbia risasi hubeba mtoto na sufuria. Kadi ya kliniki hubaki nyumbani. Ndiyo maana mhudumu wa kituo cha mapokezi ya wakimbizi akiuliza, "Huyu amechanjwa?", mama hujibu kwa kumbukumbu: "Walimdunga pajani, alilia sana." Kovu la BCG mkononi nalo ni ushahidi wa chanjo ya kifua kikuu peke yake.

Kitaalamu, asiye na kadi huhesabiwa hajachanjwa. Dozi ya surua ikirudiwa haimdhuru mtoto. Ikikosekana, kwenye msongamano wa kambi na watoto waliodhoofu, surua huua. Katika dharura chanjo hiyo huanza kutolewa mtoto akiwa na miezi 6 badala ya kungoja 9, pamoja na vitamini A. Dozi hii ya mapema haiingii kwenye ratiba: akifikisha miezi 9 atachanjwa tena. Mama aelezwe siku hiyohiyo, la sivyo atadhani amemaliza.

Kisha utepe wa rangi huzungushwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kutoka hapo hadi chini ya 12.5 ni njano. Wa nyekundu hupewa chakula dawa cha karanga palepale. Akikila vizuri na hana dalili za hatari, atatibiwa akiwa nyumbani, yaani hemani. Akikikataa, alazwe.

Haya yote hayangoji karatasi za ukimbizi. Mei 2015 Warundi waliokimbia kwao walifurika Kagunga, kijiji cha ufukweni mkoani Kigoma. Kipindupindu kilizuka wakingali wanasubiri Liemba, ile meli kongwe ya Mjerumani, iwapeleke Kigoma mjini. Wenyeji nao waliugua. Wanaotaka tiba ingoje hadi ombi la hifadhi liamuliwe wangeanzia kusoma hapo. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 22, unamtaja mtoto ambaye bado anaomba tu hadhi ya ukimbizi.

Linalopuuzwa sana ni mkalimani. Mbembe wa Fizi, Kongo, ataelewana na nesi wa Kasulu kwa Kiswahili. Mama aliyetoka vijijini Rutana, Burundi, huenda anajua Kirundi tu, na mwanawe wa miaka kumi, aliyekwishaokota Kiswahili, ndiye huitwa atafsiri. Asiitwe. Mama hatasema mbele ya mwanawe kwamba alibakwa njiani, au kwamba hapati usingizi tangu mumewe auawe. Atasema tumbo linauma, nesi ataandika tumbo, na mama ataondoka na panadol.