Usiingoje Hamu

Jioni mabasi ya mashamba ya maua huwashusha wafanyakazi Karagita, kando ya barabara ya kusini mwa Ziwa Naivasha. Wengi wamesimama tangu asubuhi wakikata waridi, wakifunga mashada, wakibeba ndoo. Ndiyo maana nikisema katika mji huu kwamba kuushughulisha mwili hupunguza huzuni, jibu huwa liko tayari: "Daktari, mimi nimeshinda kwa miguu kutwa nzima. Mbona bado moyo ni mzito?"

Swali hilo ni la haki. Watafiti waliolinganisha aina za shughuli wamekuta kwamba mazoezi ya hiari, na hata kwenda kazini kwa miguu au baiskeli, huandamana na nafuu ya moyo. Kazi nzito ya kuajiriwa haina sifa hiyo; wakati mwingine huandamana na hali mbaya zaidi. Kazi za nyumbani nazo, zikipimwa kwa jasho tu, hazionyeshi mengi. Misuli ni ile ile. Kwa maoni yangu, kinachotofautiana ni nani ameamua kazi ifanyike, na kama ina mwisho unaoonekana. Waridi halina mwisho, hasa majuma ya kabla ya tarehe 14 Februari. Nguo nne kwenye karai zina mwisho: zinaanikwa, unaziona kwenye kamba.

Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, aliieleza huzuni hii kwa namna ambayo bado naitumia. Mtu akivunjika moyo huacha mambo madogo: hafui, hapiti kwa jirani, hapiki ila chai. Kila anachoacha kilikuwa kikimpa utamu kidogo, au walau fahari ya kumaliza. Utamu ukipungua, moyo unazidi kuzama, naye anaacha zaidi. Anangoja hamu irudi ndipo ainuke, ilhali hamu kwa kawaida hufuata mikono. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake walionyesha kwamba kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli, bila kuyachambua mawazo yake kwa kina, kulimsaidia sawa na tiba kamili ya mazungumzo. Mwaka 2016 jaribio la watu 440 nchini Uingereza lilifikia matokeo yanayofanana, na tiba hiyo ilitolewa na wahudumu wasio wanasaikolojia wabobezi. Hapa Kenya, wahudumu wa afya ya jamii wamewahi kufunzwa mpango wa Shirika la Afya Duniani wenye hatua kama hiyo, wakautumia na wanawake wa Nairobi waliopitia ukatili.

Basi tunaanza wapi? Padogo kiasi cha kuchekesha. Si nyumba nzima, sufuria moja. Si kupanda Mlima Longonot. Ni kwenda dukani kwa njia ndefu asubuhi, kabla jua halijakolea, maana mwanga wa mapema husaidia saa ya mwili na usingizi wa usiku. (Usichague ukingo wa ziwa magharibi ikiingia. Viboko hutoka kula nyasi saa hizo, na hawana habari na tiba yako.) Panga siku na saa, kisha fanya saa hiyo ikifika, uwe na hamu usiwe nayo. Andika kwenye daftari moyo ulikuwa na alama ngapi kati ya 10 kabla, na ngapi baada. Tofauti ya alama moja inatosha kwa juma la kwanza.

Nina onyo moja. Mama anayetoka zamu akakuta vyombo vya watu sita na mume amekaa mbele ya televisheni hahitaji kuambiwa aongeze kazi. Kwake dawa huenda ikawa nusu saa barazani na rafiki, na deki apige mwingine. Huyo wa televisheni, ikiwa naye ana kiza moyoni, ndiye ningemwandikia sabuni na brashi.

Na ikiwa huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, usingizi na chakula vimeharibika, au mawazo ya kujidhuru yameanza kubisha, sufuria haitoshi. Nenda kituo cha afya leo, au mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako akusindikize hadi huko. Kutembea naye njiani ni mwanzo mzuri pia.